Jinsi ya kuandika somo na marejeo ya maktaba huria ya programu (mfano: namba za simu za Kariakoo)



Vijana wengi wanaojifunza kuprogramu huniuliza swali moja: "Kaka, nataka kuchangia programu huria lakini bado sijaiva, nianzie wapi?" Huwa nawajibu: anza na kuandika maelezo. Kila maktaba ya programu inahitaji mtu wa kueleza inavyotumika, na kwa Kiswahili watu hao ni wachache mno.

Lakini jamani, msije mkadhani maelezo ni kazi ya mtu asiyejua. Maelezo yakikosewa yanaumiza mtu. Mimi yangu yaliwahi kuumiza, na nitasema hapa hapa bila kujificha. Hifadhi ukurasa huu kwenye flashi uusome taratibu, maana najua wengine mmelipia nusu saa tu.

1. MAKTABA NI NINI?

Usiwaze Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Maktaba ya programu ni fungu la kazi zilizokwishaandikwa na watu wengine, wewe unaziita tu ndani ya programu yako badala ya kuanza upya. Ikiwa huria, maana yake msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza kwa kufuata leseni yake.

Mfano wangu leo ni maktaba ya kusoma namba za simu. Google waliandika inayoitwa libphonenumber, na simu za Android zimekuwa zikiitumia ndani kwa ndani tangu toleo la 4.0. David Drysdale akaihamishia kwenye lugha ya Python kwa jina la phonenumbers. Zote mbili ziko chini ya leseni ya Apache 2.0. Kazi yake ni rahisi kueleza: unaipa namba iliyoandikwa ovyo ovyo, inakupa namba iliyonyooka.

Kwa nini hii? Kwa sababu ukizunguka Msimbazi, Kongo, Aggrey na Uhuru, kila duka la jumla lina daftari la namba za wateja. Mmoja kaandika 0621, mwingine 255621, mwingine kaweka nafasi katikati, mwingine kasahau sifuri. Na wateja wa Kariakoo si wa hapa tu: wanatoka Zambia, Kongo, Malawi, Comoro, Kenya. Ukitaka kuwatumia wote meseji kwa pamoja, lazima kwanza namba zinyooke.

2. KOSA LANGU

Niliandika somo fupi la Kiswahili kuhusu maktaba hii. Nililiona zuri sana, na washkaji walinisifia. Ndani yake niliandika sentensi moja: "Mahali pa nchi weka TZ kila wakati." Basi.

Kijana mmoja akalifuata neno kwa neno, akamtengenezea mzee wa duka la vitenge programu ya kuwakumbusha wateja madeni yao. Kwenye daftari kulikuwa na wateja wa Mombasa walioandika namba zao kama wanavyoziandika kwao, zinaanza na 071. Sasa namba ya Kenya ya 071 na ya kwetu ya 071 zina urefu sawa. Ukiiambia maktaba "hii ni TZ", inaamini. Inaweka +255 mbele, inasema namba ni halali, na meseji inaondoka.

Nilipopita dukani nikamwamkia mzee, shikamoo, akaitika halafu akaniuliza: "Mwanangu, mbona wateja wangu wa Mombasa hawajapata meseji, halafu kuna mtu wa Temeke simjui ananipigia ananitukana kuwa hajawahi kuchukua kitenge kwangu?"

Nilikosa pa kuweka uso. Deni la mtu limesomwa na mtu baki. Na siku hizi hilo si aibu tu: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Maktaba haikukosea, na yule kijana hakukosea. Sentensi yangu ndiyo ilikosea. Tangu siku hiyo kila ninachoandika nakipima hivi: mtu akifuata neno kwa neno, bila kuniuliza, atafika salama?

3. SOMO NI KITU KIMOJA, MAREJEO NI KINGINE

Hapa ndipo wengi tunachanganya. Daniele Procida, mmoja wa watu waliosaidia kuanzisha mkutano wa PyCon Namibia mwaka 2015, amegawa maelezo ya programu katika aina nne: somo la kumshika mkono anayeanza, mwongozo wa kutatua jambo moja, marejeo, na ufafanuzi wa sababu. Mgawanyo huo anauita Diátaxis. Leo nachukua mbili tu, somo na marejeo.

Somo ni kama kumpeleka mgeni Kariakoo kwa mara ya kwanza. Unamshika mkono: tunashuka hapa, tunakata kulia, duka ni hili. Humtajii mitaa yote, wala humpi njia tano achague. Unataka afike, afurahi, apate moyo wa kurudi.

Marejeo ni ramani ya soko. Anayeisoma keshafika, anataka kujua tu vitunguu viko wapi. Ramani haina porojo. Ina kila mtaa, hata ule usiopendeza, na haisemi uongo.

Kosa langu lilikuwa hilo. Niliandika amri ya somo, "weka TZ", na mtu akaitumia kama marejeo, "weka TZ kila wakati". Kwenye somo la namba moja ya Tanzania ilikuwa sahihi kabisa. Kwenye daftari la mzee ilikuwa hatari.

4. SOMO LINAANDIKWAJE

Kanuni zangu ni hizi:

a) Sema mwanzoni msomaji atapata nini mwishoni. "Mwisho wa somo hili utakuwa umegeuza namba moja ya Tanzania kuwa ya kimataifa." Tosha.

b) Sema anachohitaji kuwa nacho. Python imeshawekwa? Anajua kufungua dirisha la amri? Usidhani anajua.

c) Hatua moja, tokeo moja. Baada ya kila hatua mwonyeshe atakachokiona kwenye skrini, ili akiona tofauti ajue amepotea wapi.

d) Usimpe uchaguzi. Njia nyingine zitakaa kwenye marejeo.

Mfano wa kipande cha somo:

Hatua ya 1. Kwenye dirisha la amri andika:

pip install phonenumbers

Hatua ya 2. Fungua Python, kisha andika mistari hii miwili:

>>> import phonenumbers
>>> namba = phonenumbers.parse("0621 234 567", "TZ")

Usipoona kitu, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Alama za kunukuu usizisahau. Ukiandika namba inayoanza na sifuri bila alama hizo, Python italalamika, maana haikubali tarakimu nzima kuanza na sifuri.

Hatua ya 3. Angalia kilichomo:

>>> print(namba)
Country Code: 255 National Number: 621234567

Hatua ya 4. Sasa inyooshe:

>>> muundo = phonenumbers.PhoneNumberFormat.E164
>>> phonenumbers.format_number(namba, muundo)
'+255621234567'

Umemaliza! Halafu, kabla hujafunga somo, weka onyo moja fupi lenye njia ya kwenda mbele: "Hapa tumetumia TZ kwa sababu tunajua namba hii ni ya Tanzania. Kama daftari lako lina wateja wa nje, soma marejeo ya parse kwanza." Sentensi hiyo ndiyo ambayo mimi sikuiweka.

Jambo lingine: kwenye mfano usiweke namba ya rafiki yako wala ya mteja. Maktaba yenyewe ina fanksheni ya kukupa namba ya mfano, inaitwa example_number. Tumia hiyo.

5. MAREJEO YANAANDIKWAJE

Kila fanksheni ipewe mambo sita, kwa mpangilio ule ule kila mara: inafanya nini, inapokea nini, inarudisha nini, inagoma lini, haifanyi nini, na mfano mfupi. Jambo la tano ndilo watu huliruka, na ndilo linalookoa watu.

Mfano wa ukurasa:

PARSE
Inafanya nini: inasoma maandishi ya namba ya simu na kuyageuza kuwa kitu cha namba.
Inapokea: maandishi ya namba, na herufi mbili za nchi ya kudhaniwa, kwa mfano TZ au KE.
Inarudisha: kitu chenye kodi ya nchi na namba ya ndani.
Inagoma lini: maandishi yasipofanana na namba ya simu, au namba isipoanza na alama ya kujumlisha na wewe hukutaja nchi. Kosa linaitwa NumberParseException.
Haifanyi: haikisii nchi. Namba isipoanza na alama ya kujumlisha, kwa kawaida inaichukulia kuwa ya nchi uliyoitaja. Namba ya Kenya iliyoandikwa kwa mtindo wa ndani, ukisema TZ, itasomwa kuwa ya Tanzania. Hata iliyoandikwa 254 mwanzoni bila alama ya kujumlisha haitatambuliwa kuwa ya Kenya ukiwa umesema TZ.
Mfano: parse("+255621234567", None)

IS_POSSIBLE_NUMBER
Inafanya nini: inapima urefu wa namba tu. Ni ya haraka.
Haifanyi: haiangalii kama mwanzo wa namba umegawiwa mtu yeyote.

IS_VALID_NUMBER
Inafanya nini: inapima urefu na mwanzo wa namba, kwa kulinganisha na orodha iliyomo ndani ya maktaba.
Haifanyi: haijui kama laini iko hewani, wala ni ya nani. Namba inaweza kuwa halali na isiwe na mtu.
Angalizo: orodha hiyo husasishwa mara kwa mara. Maktaba iliyokaa kwenye mashine muda mrefu bila kusasishwa inaweza kuikataa namba mpya iliyo sahihi.

CARRIER.NAME_FOR_NUMBER
Inafanya nini: inataja mtandao uliogawiwa namba hiyo mwanzoni.
Haifanyi: haijui kama mwenye namba amehama mtandao. Tanzania imeruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba tangu Machi 2017. Kwa hiyo usitumie jibu hili kuamua gharama ya kutuma hela.

Mnaona hiyo ya mwisho? Mtu asiyejua habari ya 2017 angeandika tu "inataja mtandao wa mteja", na duka zima lingetuma hela kwa makadirio mabovu. Mwandishi wa marejeo lazima aijue maktaba, na lazima aijue pia mitaa ambamo itatumika. Drysdale hana namna ya kujua mambo ya daftari la mtaa wa Kongo. Wewe unayajua. Hapo ndipo mchango wako ulipo.

6. MANENO

Hapa huwa tunapigana sana. Tuseme "kodi" au "msimbo"? Mimi naogopa "kodi" peke yake, kwa sababu Kariakoo ukisema kodi watu wanafikiria TRA. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa mgomo, na kilio kikubwa kilikuwa mambo ya kodi. Ukimwambia mwenye duka "nimekuja kurekebisha kodi yako", atakufukuza au atakukumbatia, na vyote viwili havihusiani na programu yako. Kwa hiyo natumia "msimbo" kwa kinachoandikwa na programa, na "kodi ya nchi" pale tu ninapotaja 255, maana hiyo watu wameshaizoea.

Nasema "fanksheni", sisemi "kazi", kwa sababu kazi ina maana nyingi mno. Nasema "maandishi" kwa vile vinavyokaa ndani ya alama za kunukuu. Kosa ni "kosa". Majina ya ndani ya maktaba, kama parse na format_number, hayatafsiriwi kamwe. Ukiyatafsiri, msomaji akiyaandika hayatafanya kazi.

Hili si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi kama ile haiendi bila watu kukubaliana msamiati kwanza. Nawe fanya hivyo hivyo kwa udogo: tengeneza orodha ya maneno kama 20, iweke mwanzoni, na usibadilishe katikati. Msomaji anasamehe neno asilolipenda. Neno linalobadilika kila ukurasa linampoteza.

7. MIFANO IJARIBIWE, ISIAMINIWE

Mfano usiofanya kazi ni mbaya kuliko kukosa mfano. Kijana kalipia kafe, kakopi msimbo wako, umegoma, na anajiona yeye ndiye mjinga. Anaondoka, harudi tena. Huyo umempoteza wewe.

Python ina dawa yake, inaitwa doctest, na inakuja na Python yenyewe. Andika somo lako kwenye faili la maandishi ya kawaida, mifano ikianza na zile alama tatu >>> na jibu likiwa mstari unaofuata, kama nilivyofanya hapo juu. Kisha andika:

python -m doctest somo.txt

Itapita mfano kwa mfano ikilinganisha jibu uliloandika na jibu halisi. Ikikaa kimya, yote yamepita. Ikilalamika, inakutajia mstari wenyewe. Irudie kila maktaba inapotoa toleo jipya.

Baada ya hapo tafuta binadamu. Mkalishe mtu asiyejua, mpe somo, kaa nyuma yake, funga mdomo. Usimsaidie! Kila anaposimama na kukuna kichwa, weka alama. Hapo hajakosea yeye, ni maandishi yako yana shimo.

8. WEKA TAREHE NA TOLEO

Kila ukurasa uwe na toleo la maktaba ulilolijaribu na tarehe. Toleo unalipata kwa kuandika phonenumbers.__version__ ndani ya Python.

Mambo yanabadilika, bwana. Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010, na Tigo ikawa Yas Novemba 2024. Marejeo yaliyoandikwa 2023 yakitaja Tigo si uongo, yana umri tu. Tarehe inamwambia msomaji hivyo bila wewe kuwepo.

9. MSOMAJI WAKO HANA INTANETI MUDA WOTE

Andika ukimfikiria huyo. Mambo matatu ya kumpa:

Kwanza, kwenye mashine yenye intaneti mwambie aandike "pip download phonenumbers". Atapata faili linaloishia na .whl, analiweka kwenye flashi, akifika nyumbani analisakinisha kwa pip install na jina la faili hilo, bila bando.

Pili, kuna toleo jepesi linaloitwa phonenumberslite, lisilo na orodha za mitandao na maeneo. Kama anataka kunyoosha namba tu, linamtosha.

Tatu, mfundishe kuuliza maktaba yenyewe. Ndani ya Python aandike help(phonenumbers.parse), maelezo yatatokea, na herufi q inamtoa. Akitaka yawe ukurasa wa kubeba, aandike "python -m pydoc -w phonenumbers", litatokea faili linalofunguka kwenye kivinjari bila mtandao.

10. UKIMALIZA

Ukitafsiri maelezo ya wenyewe, soma leseni kwanza, hifadhi jina la mwandishi na leseni yake, na useme wazi kuwa umetafsiri na umebadilisha wapi. Ukiandika ya kwako, chagua leseni huria nawe, ili mwingine aweze kurekebisha makosa yako. Halafu waandikie watunzaji wa maktaba kwa adabu, ujumbe mfupi: nimeandika hiki, kiko hapa, kwa lugha hii. Na ukigundua shimo kwenye maelezo yao ya Kiingereza, waambie. Hata kurekebisha sentensi moja ni mchango.

Kuhusu mzee wa vitenge: tulikaa naye na daftari lake siku nzima, mteja kwa mteja, tukaweka safu ya nchi mbele ya kila namba. Alimpigia yule wa Temeke mwenyewe akamwomba radhi. Kijana wake sasa programu yake haitumi meseji kwa namba isiyotajwa nchi, inaiweka pembeni na kusubiri mtu aiangalie. Na mimi nilifuta yale maneno "kila wakati" kwenye somo langu. Chini yake nimeandika kosa lilikuwa nini na lini nimelirekebisha, ili aliyekopi la zamani ajue.

Haya wadau, mwenye nyongeza au aliyeona nimepotoka aseme hapo chini kwenye maoni, nitarekebisha na kuweka tarehe. Anayetaka kuanza achukue fanksheni moja tu, aijibu yale mambo sita, ailete tuisome pamoja.

Naomba kuwasilisha.